Pikipiki kubwa: pesa ya kwanza uiweke wapi?

Katika kambi zetu zamani mfanyakazi aliyeacha kinga alinunua pikipiki ndogo ya 100 au ya 125, nayo ilimtosha kwa kwenda kazini na kurudi. Siku hizi tunaona pia, mmoja mmoja, pikipiki ndefu za 650, zenye mpira mkubwa wa mbele na tangi pana, zilizotengenezwa kwa kwenda mbali kwa lami na kwa udongo pia. Nyingi zinakuja kutoka Afrika ya Kusini au Zambia, zinapita Kasumbalesa, na mtu mwingine amekwisha kuzitumia miaka kadhaa. Mwenye nayo anaileta nyumbani, watoto wanaizunguka, majirani wanakuja kuangalia. Kisha anaanza kuitengeneza iwe nzuri zaidi, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Ninajua, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Miaka mitatu iliyopita nilinunua Kawasaki KLR650. Ni pikipiki inayojulikana sana. Ilianza kuuzwa mwaka 1987, ikabadilishwa sana mwaka 2008, ikaacha kutengenezwa mwaka 2018, na mwaka 2021 ikarudi, bila karburateri, maana sasa esanse inaingizwa kwa injeksio. Ina pistoni moja tu, gea tano, na tangi la litri 23. Kwa safari ya Lubumbashi mpaka Kolwezi, kilometa 300 hivi, haiombi esanse njiani. Yangu ni ya wakati wa kati, ile ya baada ya 2008. Ikijaa esanse ina uzito wa kilo 196. Kumbukeni hesabu hiyo, tutairudia.

Mwaka wa kwanza nilitumia pesa nyingi juu yake. Nilinunua masanduku mawili ya aluminiamu na vyuma vya kuyashika, taa nne za kuongeza, na kioo kirefu cha kuzuia upepo. Nilibadilisha hata bomba la moshi, nikaweka la sauti nene, ili watu wajue munganga anapita. Mipira ilikuwa ya mwenye kwanza. Fre sikuzigusa.

Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi kikali. Niliacha lami karibu na Fungurume, nikashika njia ya udongo kwenda kuona wakwe zangu. Vumbi lilikuwa laini kama unga, na magari makubwa yalikuwa yamechimba mifereji miwili. Mpira wa mbele ukaingia katika mfereji mmoja, ule wa nyuma ukataka mwingine. Sikuwa na mwendo, labda kilometa 20 kwa saa. Nikafanya lile ambalo kila mtu aliyejifunza kwa kinga analifanya: nikaweka mguu chini. Pikipiki haikungoja mguu wangu. Iliendelea mbele, na sanduku la aluminiamu likanipiga nyuma ya mguu, likaukunja na kuuburuta chini yake.

Mfupa mdogo wa mguu ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Nilifungwa plasta majuma sita. Siku ya pili mama watoto alikaa karibu na kitanda, akaniuliza kwa upole: "Baba, pesa yote ile uliyoweka kwa pikipiki, ni ipi iliyokuwa ya kukulinda wewe?" Nilianza kuhesabu kwa vidole. Hakuna kidole kilichoinuka.

Tangu siku ile nimekutana na wengine wawili katika kazi yangu walioumizwa namna ileile na masanduku ya chuma. Kwa hiyo nawaandikia.

UZITO

Chukueni karatasi tufanye hesabu pamoja. Mimi nina kilo 78. Mama watoto, ambaye hataki niandike, tuseme 65. Masanduku matupu pamoja na vyuma vyake, kilo 15. Tukitia ndani kilo 40 za unga na mihogo tuliyopewa na wakwe, jumla ni kilo 198. Pikipiki yenyewe ni kilo 196. Maana yake pikipiki inabeba pikipiki nyingine mgongoni! Katika kitabu cha kila pikipiki mnaandikwa mzigo wa mwisho unaoruhusiwa. Mwendeshaji anahesabiwa ndani ya mzigo huo, pia mke, mizigo, na kila chuma ulichoongeza. Watu wengi wanafikiri wao wenyewe si mzigo.

Uzito wa nyuma na wa juu unafanya mambo matatu. Mpira wa mbele unakuwa mwepesi, haushiki tena njia vizuri. Fre zinahitaji mahali parefu zaidi pa kusimamia. Tena chuma cha nyuma kinachobeba kiti kinachoka. Kwa KLR mafundi wanalijua sana jambo hili: bulo mbili za juu zinazofunga chuma kile kwenye kadre zinakatika kwa wanaobeba sana. Dawa yake ni bulo za chuma kigumu zaidi, au bulo moja ndefu inayopita upande mpaka upande. Ni kazi ya saa chache kwa fundi mwenye akili, tena bei yake haifiki ile ya sanduku moja.

Mimi masanduku niliyatoa. Nimeweka mifuko ya turubai ngumu, imefungwa karibu na kiti na mbele kidogo. Mfuko ukikupiga mguu unajikunja, lakini sanduku halijikunji. Kama unataka sanduku kwa sababu ya wezi, usitoe kamwe mguu kwenye kikanyagio ukiwa katika mchanga au matope. Simama juu ya vikanyagio, goti limekunjwa kidogo, macho mbali. Jifunze hivyo uwanjani siku ya Jumapili, si siku ya safari.

RESORI, MIPIRA, FRE

Mzee fundi wangu alinicheka nilipomletea pikipiki baada ya plasta. Aliniambia: "Munganga, wewe mgonjwa akija unampima kwanza, au unampa nguo mpya?" Akachukua mita ya mshonaji.

Alipima hivi. Kwanza watu wawili waliinua pikipiki mpaka mpira wa nyuma ukaning'inia, yeye akapima kutoka ekseli mpaka alama aliyoiweka juu. Kisha nilikaa juu yake na mizigo yangu ya kawaida, miguu kwenye vikanyagio, mtu akishika gidoni. Akapima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kiasi amortisa inachoshuka chini ya uzito wako. Kwa pikipiki za namna hii inafaa iwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa amortisa. Kwa yangu mwendo wa nyuma ni milimita 185, basi ilifaa ishuke 60 hivi. Ilishuka karibu 100. Nilikuwa naendesha pikipiki iliyopiga magoti: mbele imeinuka, taa inaangalia miti, na kila shimo linagonga uti wa mgongo.

Resori za KLR ni laini tangu kiwandani. Zinafaa kwa mtu mmoja asiye na mizigo. Unaweza kukaza ile ya nyuma kidogo kwa hatua zake, lakini kama uzito umezidi, kukaza hakutoshi, inafaa resori nyingine yenye nguvu ya uzito wako. Za mbele pia zinabadilishwa. Hii ndiyo pesa iliyonifurahisha kuliko zote niliyoitumia, na jirani hawezi hata kuiona.

Wengine wanauliza juu ya urefu. Kiti cha KLR kiko sentimita 89 juu ya udongo, na mimi si mrefu. Kuna vyuma vidogo vya kuishusha pikipiki. Vinasaidia, lakini tumbo la pikipiki linakaribia mawe, na kile chuma cha kusimamishia lazima kikatwe, la sivyo pikipiki itaangukia upande wa pili ikisimama. Mimi nilipunguza sifongo ya kiti tu, kwa mbele, fasi mapaja yanapopita. Sasa kidole cha mguu kinagusa, na kinatosha.

Mipira. Ile ya mwenye kwanza ilikuwa ya lami, migumu, na mpira mkuukuu hata kama una meno bado haushiki. Kwetu mtu anatoka kwenye lami, anaingia udongo mwekundu, na mvua ya mwezi wa kumi na moja ikigusa udongo ule unakuwa sabuni. Inafaa mpira wa nusu kwa nusu, wenye meno makubwa kiasi. Upime upepo asubuhi kabla ya kuondoka, mpira ukiwa baridi, kadiri ya kitabu na mzigo wako. KLR ina kamara ndani ya mipira yake, kwa hiyo msumari mmoja unakusimamisha. Beba kamara, vyuma vya kufungulia na pompi. Kama nafasi ni ndogo, beba ile ya mbele, ya 21: kwa shida inaingia hata katika mpira wa nyuma wa 17, ukaenda nayo polepole mpaka nyumbani. Ile ya nyuma haikubali kwenda mbele.

Fre nitazisema kwa ufupi maana fundi anazijua. Maji ya fre yanavuta unyevu wa hewa, yabadilishwe kila miaka miwili hata kama yanaonekana mazuri. Bomba la mpira linalopeleka maji hayo likizeeka linavimba ukibana, na nguvu ya mkono wako inapotea njiani. Bomba lililofumwa kwa nyuzi za chuma halivimbi. Kwa kilometa 80 kwa saa unapita metre 22 kwa kila sekunde, na sekunde ya kwanza inakwisha wakati ubongo bado unafikiri.

TAA ZILIZOTOKA NG'AMBO YA MPAKA

Jambo hili wengi hawalijui. Zambia na Afrika ya Kusini wanaendesha kushoto. Sisi tunaendesha kuume. Taa ya mbele iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto, ukiiweka chini, mara nyingi inainua mwanga wake upande wa kushoto ili kuonyesha kando ya njia. Kwetu upande wa kushoto ndipo anapotoka mwenzako. Unampofusha, naye anakuja juu yako akiwa haoni.

Pima mwenyewe. Simamisha pikipiki metre 5 mbele ya ukuta, usiku, wewe umekaa juu, taa iwe ya chini. Angalia mstari wa mwanga. Kama unapanda upande wa kushoto, taa si ya kwetu: tafuta nyingine ya upande wa kuume, na wakati unangoja, ishushe kidogo. Kuongeza taa nne juu ya taa mbaya, kama nilivyofanya mimi, ni kuongeza upofu. Tena dinamo ya KLR si kubwa, nikiziwasha zote nikienda polepole, batri ilikuwa inalia. Nimeacha mbili tu, za ukungu, chini.

NDANI YA MOTERE

Pistoni moja kubwa inatikisa sana. Ndiyo maana ndani ya KLR kuna vizito viwili vinavyozunguka kuituliza, na shene inayovizungusha. Shene hiyo inakazwa na mkono mdogo wa chuma unaovutwa na resori. Katika miaka ya kabla ya 2008 mkono ule wenyewe ulikuwa dhaifu, ukavunjika kwa watu wengi. Baadaye uliimarishwa, lakini resori mara nyingi ni ndefu mno, haivuti kitu. Vipande vikivunjika vinaanguka ndani ya motere. Ukinunua KLR iliyotumika, uliza kama mkono na resori vimebadilishwa. Kama muuzaji hajui unasema nini, havijabadilishwa.

Angalia mafuta katika kioo kidogo cha upande wa kuume, pikipiki ikiwa imesimama wima, kila mara unapotia esanse. Za 2008 na 2009 zilijulikana kwa kunywa mafuta. Na filtere ya hewa, katika vumbi letu, isafishwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Bomba la sauti nene nimelirudisha. Sisi wa mgodi masikio yetu yana deni tayari. Kazini tunafundishwa kwamba sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 ndiyo mpaka. Upepo peke yake ndani ya kaske, kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa, unaweza kupita desibeli 100. Ongeza bomba, halafu jioni unashangaa kwa nini mtoto anakuita mara tatu. Vile vizibo vya masikio vya kazini vinafaa sana katika safari ndefu.

KASKE NA MWILI

Sasa nakuja kwa jambo langu mwenyewe. Ninaona wafanyakazi wanapanda pikipiki na kaske ya mgodi. Ndugu zangu, kaske ile ilitengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Haina sifongo ngumu ya kunywa pigo la upande au la nyuma, na ukianguka inaruka kabla yako. Haikusaidii kitu barabarani. Mwaka 2008 waganga waliokusanya uchunguzi 61 wa nchi mbalimbali waliona kwamba kaske ya pikipiki inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa katika dispanseri yetu inayofanya hivyo.

Ichague hivi. Tafuta herufi E ndani ya duara kwenye kitambaa kilichoshonwa katika ukanda. Ivae, funga ukanda, kisha mtu aisukume kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, si yako. Ikiwa imeanguka na kichwa ndani mara moja, kazi yake imekwisha, hata kama rangi bado inang'aa. Na ya mama je? Mara nyingi naona baba amevaa ya bei kubwa, na mama nyuma amefunga kitambaa tu. Kama pesa ni ya kaske moja, basi mtu mmoja ndiye anayesafiri.

Viatu vya kazi vyenye chuma mbele ni vizuri kuliko sandali, lakini havifungi kifundo sawasawa. Viatu virefu vya pikipiki vingepunguza ajali yangu kuwa uvimbe tu. Ovaroli yenye mistari ya kung'aa usiidharau, usiku madereva wanakuona mbali.

Na usingizi. Mtu aliyekaa macho saa 17 anaendesha kama mtu mwenye nusu gramu ya pombe kwa kila litri ya damu. Ukitoka kazi ya usiku, usianze safari ya Kolwezi asubuhi ileile kwa sababu pikipiki ina tangi kubwa. Lala kwanza saa kadhaa. Tangi halitakimbia.

NYUMBANI

Akina mama, hii ni yenu. Bomba la KLR liko upande wa kuume, na linabaki na moto muda mrefu baada ya motere kuzima. Mguu wa mtoto uko sawasawa na urefu wake. Mwambieni baba aisimamishe bomba likielekea ukutani, na kizuizi cha joto kisitolewe hata kama kinaharibu uzuri. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20. Msitie dawa ya meno, wala mafuta, wala yai. Kisha mleteni.

Esanse ya akiba isikae jikoni. Na mtu asiinyonye kwa mdomo kuitoa katika tangi: ikipita kwenye mapafu kidogo tu inaleta ugonjwa mbaya. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe haraka kwa munganga.

Mkimkuta mtu ameanguka na pikipiki, anapumua, msimvue kaske na msimkalishe juu ya pikipiki nyingine kumkimbiza hospitali. Mwacheni alale palepale, mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, mwingine asimamishe magari, mwingine aite msaada. Mguu uliovunjika fungeni pamoja na ule mzima, na nguo katikati. Mimi ndivyo wakwe zangu walivyonifanyia, kwa kitenge cha mama mkwe. Kitenge chenyewe kilikatwa hospitali, na bado ananidai.

Masanduku ya aluminiamu yako nyumbani, mama watoto anawekea unga wa mahindi na panya hawaingii. Juma lijalo nitabadilisha mpira wa nyuma, maana meno yamebaki kidogo, na mawingu yameanza kukusanyika upande wa Kipushi.